Joseph Everett Dutton, kijana wa patolojia aliyezikwa Kasongo



Miezi michache iliyopita familia moja ya kanisa letu hapa Kamina iliniita nyumbani kwao jioni. Binti yao amemaliza masomo ya kwanza ya chuo kikuu, upande wa tiba na maabara, na amefaulu vizuri. Sasa anaomba mwaka mmoja zaidi wa utafiti katika patolojia, yaani elimu ya kuchunguza ugonjwa wenyewe katika nyama ya mwili, katika damu na hata katika maiti. Papa yake hapingi masomo. Anachopinga ni huo mwaka. Kuna wadogo watatu wanaongojea pesa ya shule, na tangu zamani familia inahesabu kwamba akimaliza huyu, atawavuta wale. Shangazi yake aliuliza kwa nini msichana mzuri hivi achague kushinda na vipande vya nyama ndani ya chupa, wakati wenzake wanavaa blusi nyeupe na kulipwa.

Waliniomba niseme neno kama mchungaji. Nilisali nao, lakini neno sikuwa nalo. Niliporudi nyumbani nikamkumbuka mtu mmoja niliyekutana na habari zake nikiwa bado katika shule ya teolojia. Alikufa katika nchi yetu akiwa na miaka 30, na kaburi lake lilichimbwa Kasongo. Jina lake limo katika vitabu vya matabibu dunia nzima, lakini katika makanisa yetu simsikii akitajwa. Ninawaeleza maisha yake kama nilivyomweleza Papa yule niliporudi kwao mara ya pili.

Joseph Everett Dutton alizaliwa tarehe 9 Septemba 1874 huko Higher Bebington, Cheshire, Uingereza, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Liverpool. Alikuwa mtoto wa tano wa kiume katika nyumba yao. Alisoma King's School katika mji wa Chester, na mwaka 1892 akaingia chuo kikuu cha Liverpool kujifunza udaktari. Alipata medali kadhaa huko, na mwaka 1897 akapokea shahada yake.

Hapo ndipo alipofika mahali alipo binti yetu leo. Kijana daktari wa Liverpool wa wakati ule angeweza kufungua mlango wa nyumba yake, kuandika jina juu ya kibao na kuanza kupokea wagonjwa wenye pesa. Liverpool ulikuwa mji wa bandari na wa matajiri. Tajiri mmoja wa meli, George Holt, alikuwa ametoa mali yake ili chuo kiwe na kiti cha profesa wa patolojia, na kulikuwa pia na msaada wa masomo wenye jina lake kwa kijana aliyekwisha kupata shahada na anayetaka kubaki maabarani kufanya utafiti. Dutton akaupata msaada huo, akaenda kufanya kazi chini ya Profesa Rubert Boyce. Alifanya pia kazi ya daktari mdogo katika wodi za hospitali kubwa ya mji, Royal Infirmary, lakini jicho lake lilifunzwa maabarani.

Nieleze kidogo, maana shangazi wa binti si yeye peke yake asiyeelewa kazi hii. Daktari wa wodi anamwuliza mgonjwa anaumwa wapi, kisha anatafuta dawa. Mpatolojia anachukua kipande kidogo cha mwili, anakikausha, anakikata kiwe chembamba kuliko karatasi, anakitia rangi, halafu anakaa juu ya mikroskopu na kutazama. Anatazama damu vivyo hivyo. Akikuta kitu asichokijua, anakichora, anakipima, anakilinganisha na vingine, anarudia kesho. Ni kazi ya uvumilivu. Siku nyingi zinapita bila kupata kitu cha kumwonyesha mtu. Kazi ya namna hii huwezi kujifunza huku unakimbilia wagonjwa hamsini kwa siku, na ndiyo sababu watu huitengea mwaka wake.

Mwaka 1898 mfanyabiashara wa meli, Alfred Jones, aliahidi kutoa pauni 350 kila mwaka ili Liverpool iwe na shule ya magonjwa ya nchi za joto. Mabaharia wake na wafanyabiashara wake walikuwa wanakufa kwa homa huko Afrika Magharibi. Boyce akawa mkuu wa kwanza wa shule hiyo, na alipotafuta vijana wa kutuma alimkumbuka yule wa maabara yake. Mwaka 1900 Dutton alikwenda Nigeria pamoja na wenzake Annett na Elliott kuchunguza malaria na minyoo ya filaria. Mwaka 1901 akatumwa Gambia, safari hii bila wenzake.

Katika mji wa Bathurst, unaoitwa leo Banjul, kulikuwa na mzungu wa miaka 42, nahodha wa meli ya serikali mtoni, aliyekuwa na homa isiyokwisha. Daktari wa pale, R. M. Forde, alikuwa amekwisha kutazama damu yake akitafuta malaria. Malaria hakuikuta, ila aliona vitu vidogo vinavyojipinda kama minyoo, asijue ni nini. Mwishoni mwa mwaka huo alimwonyesha Dutton. Dutton alitazama, akatambua. Walikuwa tripanosoma, wadudu ambao wakati ule walijulikana katika damu ya wanyama, kama wale wanaoua ng'ombe na farasi kwa ugonjwa wa nagana. Katika mwanadamu hakuna aliyekuwa ameueleza waziwazi mpaka hapo. Mwaka 1902 akampa mdudu yule jina la Trypanosoma gambiense.

Ndugu zangu, hapo nataka tusimame kidogo. Forde hakuwa mjinga. Macho yake yaliona kitu kile kile, na tena alikiona kwanza. Lakini Dutton alikuwa na saa nyingi za maabara nyuma yake, ndipo kitu hicho hakikumpita. Nilimwambia Papa wa binti kwamba mimi, nikipiga hesabu, naiona faida ya mwaka ule wa patolojia pale Bathurst, miaka minne baada ya shahada, juu ya tone moja la damu.

Wakati huohuo, upande wa Uganda, watu wa kando ya ziwa walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa malale. Albert Cook na ndugu yake Jack, madaktari wamisionari wa hospitali ya Mengo, waliwatambua wagonjwa wa kwanza mwaka 1901. Inakadiriwa kwamba katika miaka michache walikufa watu zaidi ya laki mbili. Mwitaliano Aldo Castellani aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba wanapelekwa na mbung'o, yule nzi tunayemwita tsetse. Hivyo mdudu wa nahodha wa Gambia na usingizi wa mauti wa Uganda vikaungana. Na mdudu aliyepewa jina la Gambia ndiye anayeua watu wetu Kongo mpaka leo.

Mwezi wa Septemba 1903 Dutton alifika Boma pamoja na Mkanada John Lancelot Todd, na Mwingereza Cuthbert Christy. Walitumwa na shule ya Liverpool kwa makubaliano na serikali ya Mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji. Walifanya kazi Leopoldville, ambayo ni Kinshasa ya leo, wakapanda mto hadi Coquilhatville, ambayo ni Mbandaka, kisha Stanleyville, yaani Kisangani. Christy alirudi Ulaya katikati ya safari. Kila walipofika walipima watu, walichukua damu, walifungua maiti za waliokufa kwa malale, wakaandika. Hata yule funza anayekaa katika udongo wa sakafu na kutoka usiku kunyonya damu ya waliolala chini, wazee wa vijijini wanamjua, walimchunguza na kuandika maisha yake.

Siwezi kupita hapa bila kusema jambo ambalo wasifu nyingi za madaktari huliruka. Kongo aliyoingia Dutton ni Kongo ya mpira wa damu. Mwaka ule ule wa 1903 Roger Casement alisafiri mtoni kukusanya ushahidi wa mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa. Wamisionari wa Kiprotestanti, kama John na Alice Harris na Mwamerika mweusi William Sheppard wa Kasai, walihatarisha kazi zao ili dunia ijue. Na Alfred Jones, aliyeianzisha shule ya Dutton kwa pauni zake, alikuwa pia konsuli wa Leopold katika Liverpool, na meli zake zilibeba mizigo ya Kongo. Karani aliyekuwa katika kampuni yake hiyo, E. D. Morel, ndiye aliyegundua kwamba meli zinakuja na mpira na pembe, zinarudi na bunduki na risasi, akaacha kazi na kuanza kupiga kelele. Pesa iliyompeleka Dutton kwenye mikroskopu na pesa iliyoleta bunduki zilipita katika mikono ileile. Sisi wachungaji tunapenda watu wa mifano wawe safi kama theluji. Huyu alikuwa mtumishi mwaminifu wa elimu ndani ya nyumba iliyokuwa na uchafu mwingi, na nadhani ni haki kusema mambo yote mawili.

Katika mwezi wa Novemba 1904, hapo Stanleyville, Dutton na Todd walishika jambo la pili kubwa. Kulikuwa na homa inayomshika mtu siku chache, inamwachia, anafikiri amepona, halafu inarudi, mara mbili, mara nne, mara zaidi. Watu wa mashariki walijua siku nyingi kwamba inatokana na papasi, ambaye huku kwetu wengi wanamwita kimputu. Livingstone naye alikuwa ameandika juu ya mdudu huyo katika kitabu chake cha mwaka 1857. Lakini kujua kwa mazoea na kuonyesha kwa ushahidi ni mambo mawili. Hao vijana walikusanya kimputu kutoka mahali palipojulikana kuwa na homa, wakawaacha wawaume nyani. Nyani wakaugua, na katika damu yao wakaonekana vijidudu vilivyojikunja kama springi, spiroketi. Zaidi ya hayo, waliwaangua watoto wa kimputu kutoka katika mayai, watoto ambao hawakuwahi kumwuma mtu yeyote, na hao pia wakaambukiza. Maana yake ugonjwa unarithiwa, kimputu mama anaupitisha kwa uzao wake. Karibu wakati huohuo Ross na Milne kule Uganda nao walikuwa wamepata kwamba papasi ndiye mchukuzi.

Kwa mama anayelala na watoto juu ya mkeka katika nyumba ya udongo, habari hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Kimputu anajificha katika nyufa za ukuta na sakafu mchana, anatoka usiku, anakunywa damu kwa muda mfupi, anarudi ufa wake. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula. Kuhama nyumba na kurudi baada ya miezi hakumwondoi. Kusiliba nyufa, kuinua kitanda na kuangalia mikeka unapolala ugenini, hayo yote yana maana ukishajua adui anakaa wapi. Na homa hiyo mpaka leo inadhaniwa kuwa malaria kila mahali ambapo hakuna mtu wa labo mwenye subira ya kutazama damu vizuri, ingawa ikijulikana inatibika kwa antibiotiki za kawaida. Wanawake wenye mimba huiogopa kwa haki, maana inaharibu mimba.

Lakini wote wawili, Dutton na Todd, walishikwa na homa ileile waliyokuwa wanaichunguza. Hawakuacha safari. Walipanda Lualaba kuelekea kusini wakifanya kazi kati ya homa na homa. Mwezi wa Februari 1905 walikuwa Kasongo.

Kasongo tunaijua sote kwa historia nyingine. Ulikuwa mji wa Tippu Tip, na biashara ya watumwa ilipita pale. Ndiyo njia ambayo Kiswahili hiki ninachoandika kilifika kwetu. Sipendi kukumbuka kwamba lugha ya Biblia yangu ilikuja pamoja na minyororo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Leo ukitoka Kamina kwa reli kwenda Kabalo, Kongolo na kuendelea hadi Kindu, unapita upande wa nchi hiyo hiyo, ukiwa na bahati ya kupata treni.

Hapo Dutton alizidiwa. Todd, ambaye mwenyewe alikuwa bado dhaifu, alikuwa rafiki yake na daktari wake pamoja. Tarehe 27 Februari 1905 Dutton akafariki. Hakuwa ameoa. Alizikwa Kasongo, na watu wengi wa vijiji vya jirani walikuja kumzika, maana katika safari yake alikuwa amewatibu wengi waliomjia. Sijui walimwonaje kijana huyu wa kuchoma vidole na kutafuta damu. Walikuja, basi.

Todd alibaki na makaratasi yao, sampuli na njia ndefu. Mwaka huohuo shule ya Liverpool ilichapisha ripoti yao juu ya homa ya kimputu katika sehemu ya mashariki ya Kongo, yenye majina yao wawili, mmoja akiwa kaburini. Mwaka 1906 watafiti wawili wa Marekani, Novy na Knapp, walikipa kijidudu cha homa hiyo jina la Dutton, na mpaka sasa kinaitwa Borrelia duttonii. Chuo cha Liverpool kiliweka kiti cha profesa wa elimu ya wadudu kwa ukumbusho wake.

Yaliyofuata hayakuwa matamu yote. Todd aliishauri serikali kuwakagua watu kwa kushika tezi za shingo, kuwazuia wenye uvimbe wasisafiri kwenda nchi zisizo na ugonjwa, na kuwatenga wagonjwa. Mwaka 1906 Leopold alimpa nishani yeye, Boyce na Ronald Ross. Ushauri ule ulipofika mikononi mwa askari, watu walikamatwa barabarani na kupelekwa katika lazareti zilizofanana na magereza. Dawa ya kwanza, atoxyl, iliwapofusha wengine wao. Wazee wetu hawakukimbia sindano kwa sababu ya ushenzi, kama ilivyoandikwa. Walikimbia kwa sababu walikuwa wameona. Ninaamini hiyo ni mojawapo ya sababu mpaka leo baadhi ya waumini wetu wanasikia neno la utafiti wanadhani ni watu wa kuja kuchukua damu na kuondoka nayo.

Shangazi alikuwa amesema ni kazi ya wanaume. Nilimweleza juu ya Louise Pearce, mpatolojia mwanamke wa Taasisi ya Rockefeller huko New York, aliyekuja peke yake Leopoldville mwaka 1920 kujaribu dawa ya tryparsamide kwa wagonjwa wa malale, ikawainua hata wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo. Halafu nikamweleza ya siku zetu. Dawa ya vidonge ya fexinidazole, inayomezwa siku kumi bila sindano, ilipitishwa Kongo mwaka 2018, na majaribio yake yaliongozwa na Mkongomani, Dokta Victor Kande. Tangu mwaka huo wagonjwa wapya wanaohesabiwa duniani kwa mwaka hawafiki elfu moja, na walio wengi kati yao ni wa nchi yetu. Kutoka mikononi mwa Leopold mpaka mikononi mwa Dokta Kande ni zaidi ya miaka mia moja, na tofauti kubwa niionayo ni nani anayekaa mezani wakati damu inatazamwa.

Papa alisikiliza yote bila kunikatisha. Mwishoni yeye ndiye aliyenikumbusha habari ya mama mmoja wa kwaya yetu, niliyemzika mwenyewe. Alikuwa na uvimbe katika ziwa. Hospitali moja ilikata kipande, kikawekwa katika chupa yenye formalini, kikasafirishwa mbali kwa sababu karibu hapakuwa na wa kukisoma. Majibu yalirudi wakati tumekwisha kumaliza matanga.

Kuhusu pesa za wadogo hatujamaliza. Wamama wa kanisa wamesema watachangia mmoja, na mjomba wa Likasi ameahidi kitu, ingawa ahadi za wajomba tunazijua. Binti ameandika barua yake ya maombi. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Papa yake alinivuta kando akaniuliza kama kaburi la yule kijana bado linaonekana pale Kasongo, maana ana shemeji anayefanya kazi upande wa Kibombo na anaweza kumtuma aende kutazama.